Soma Kiini, Uifikie Nyota

Mwaka 1979 jarida moja la fizikia ya nyuklia lilichapa makala yenye waandishi wanne. Wawili walikuwa vijana waliokuwa wakianza maisha ya utafiti, James Lattimer na James Applegate. Wa tatu, Gerald Brown, alikuwa na miaka hamsini na kitu. Wa nne, ambaye jina lake ndilo lililotangulia, alikuwa na miaka 72. Alikuwa amestaafu Chuo Kikuu cha Cornell tangu 1975, na Tuzo ya Nobel aliipata zamani, mwaka 1967. Hakuna aliyekuwa akimdai chochote. Angeweza kupumzika, akapanda milima aliyoipenda, na dunia ingemshukuru. Lakini Hans Bethe alikuwa mezani na karatasi zake, akikabili swali lililowasumbua watu wa nusu ya umri wake: nyota kubwa inapojiporomokea yenyewe, inaporomoka mpaka wapi, na ni nini kinachoisimamisha?

Jibu alilolitoa lilibadilisha mwelekeo wa utafiti wote wa nyota zinazolipuka. Ila mimi kinachonisisimua zaidi ni alikolitoa. Sehemu kubwa ya jibu lile ilitoka katika mambo aliyoyasoma na kuyaandika mwenyewe akiwa na miaka thelathini. Alikuwa amekijua kiini cha atomu kwa undani kiasi kwamba miaka arobaini baadaye, swali la nyota lilipomjia, alikuwa na cha kulijibia.

Nakuandikia wewe, mdogo wangu, unayesoma fizikia kidato cha sita pale Tabora, au mwaka wa pili chuoni Nairobi, au Goma, au Kigali, huku kila unayekutana naye anakuuliza utakula nini na fizikia yako. Nakuandikia na wewe mwalimu wa sekondari uliyetimiza miaka arobaini ukaamini kwamba gari la utafiti limeshakuacha kituoni. Nataka mkae na maisha ya mtu huyu kwa dakika chache, kisha mrudi kazini na moto.

Bethe alizaliwa tarehe 2 Julai 1906 Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani. Alisoma Munich kwa Arnold Sommerfeld, mwalimu aliyelea wanafizikia wakubwa wengi kuliko karibu mwalimu mwingine yeyote wa zama zile, akapata uzamivu mwaka 1928. Mwaka 1933 Wanazi walishika serikali, na sheria ikapitishwa ya kuwaondoa kazini watumishi wa umma wenye asili ya Kiyahudi. Mama yake Bethe alitoka katika familia ya Kiyahudi. Kazi yake ya Tübingen ikaishia hapo. Akaenda Uingereza, na Februari 1935 akafika Ithaca, mji mdogo wa jimbo la New York, akiwa na miaka 28. Msomaji aliyewahi kuvuka mpaka wa Burundi au wa Kongo na vyeti vyake vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni anajua safari ya namna hiyo inamwachia mtu nini: kile tu kilichomo kichwani.

Na alichokifanya alipofika ndicho ninachokuomba ukiige.

Nyutroni ilikuwa imegunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, miaka mitatu tu nyuma. Fizikia ya kiini ilikuwa changa, imetapakaa katika majarida ya nchi mbalimbali, huyu kasema hili na yule kapinga. Bethe aliketi akaipanga yote. Akishirikiana na Robert Bacher na Stanley Livingston, aliandika makala tatu kubwa zilizochapwa mwaka 1936 na 1937, jumla ya kurasa zaidi ya 400. Kila hesabu aliirudia mwenyewe. Pale palipokuwa na pengo alilijaza kwa kazi mpya. Wanafizikia wa kizazi kile walijifunzia humo, wakaziita Biblia ya Bethe.

Tulia hapo kidogo. Hakuna aliyempa tuzo kwa kuandika muhtasari wa kazi za wenzake. Katika vyuo vyetu leo, kazi kama hiyo tungeiita ya kuchosha, tungetafuta njia ya mkato tupate chapisho haraka. Lakini mtu anayepanga elimu nzima ya fani yake kwa mkono wake anatoka pale akiwa mtu mwingine. Anajua kila chumba cha nyumba hiyo kilipo na taa inawashwa wapi. Bethe alikuwa na miaka thelathini tu alipomaliza, na kuanzia hapo hakuna swali la kiini lililomkuta mgeni.

Akiba yenyewe ilianza kutumika mapema. Mwaka 1938 alialikwa Washington kwenye mkutano mdogo uliojadili nyota zinapata wapi nishati. Hakuwa na shauku kubwa ya kwenda, maana mambo ya nyota hayakuwa fani yake. Rafiki yake Edward Teller ndiye aliyemshawishi. Pale alikuta wanaastronomia wanajua joto la ndani ya nyota na wanajua Jua limewaka kwa muda mrefu mno, ila hawajui linachoma nini. Bethe akaanza kupita elementi moja baada ya nyingine, akiigonganisha kila moja na protoni kwenye karatasi. Lithiamu, inakwisha haraka mno. Berili, vivyo hivyo. Boroni, vivyo hivyo. Alipofika kwenye kaboni akakuta ajabu: kaboni inapokea protoni nne kwa zamu, inapitia nitrojeni na oksijeni, inatoa heliamu moja, kisha inarudi kuwa kaboni ileile, tayari kuanza upya. Pamoja na kijana Charles Critchfield akakokotoa pia njia ya pili, ya protoni kugongana na protoni, ambayo ndiyo inayoendesha Jua letu kwa sehemu kubwa. Mzunguko wa kaboni ndio unaotawala katika nyota nzito kuliko Jua.

Makala yake ilitoka mwaka 1939. Kabla ya hapo aliishikilia kidogo ili aiingize kwenye shindano la makala zisizochapwa, akashinda dola 500, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kuzilipa mamlaka za Ujerumani ili samani za mama yake ziruhusiwe kutoka. Nalitaja hili kwa sababu tunapenda kuwafikiria wanasayansi kama watu wasio na mizigo. Aliyefumbua siri ya kuwaka kwa nyota alikuwa mwaka huohuo mtoto anayehangaika na mizigo ya mama yake.

Uthibitisho wa moja kwa moja wa mzunguko ule wa kaboni ndani ya Jua ulipatikana mwaka 2020, chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, pale kifaa kiitwacho Borexino kiliponasa chembe zake nyepesi mno ziitwazo nyutrino. Tangu ile makala ilikuwa imepita miaka 81.

Sitaruka sehemu nzito ya maisha yake. Kuanzia 1943 Bethe aliongoza kitengo cha nadharia huko Los Alamos, palipotengenezwa bomu la atomu. Elimu ileile ya kiini iliyoeleza Jua ilitumika kuteketeza Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945. Hakulikana jambo hilo. Alitumia miongo iliyofuata kushinikiza udhibiti wa silaha hizo, akaunga mkono mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, baharini na katika anga ya juu, na mwaka 1995, akiwa na miaka 89, aliwataka wanasayansi wa nchi zote waache kabisa kazi ya kutengeneza silaha za maangamizi. Ukiingia fani hii, ingia ukijua ina uzito huo. Mtu anayeijua kwa undani ndiye anayeweza kusimama mbele ya serikali yake na kusema hapana kwa hoja. Nchi zetu zitahitaji watu hao, tena wengi, kadiri mazungumzo ya urani na vinu vya nyuklia yanavyozidi Tanzania, Kenya na Uganda.

Turudi kwenye nyota. Jua letu litakufa taratibu. Nyota yenye tungamo zaidi ya mara nane ya Jua inakufa kwa kishindo. Inachoma haidrojeni, kisha heliamu, kisha kaboni na nyinginezo, mpaka kitovuni kunabaki chuma. Chuma hakina nishati zaidi ya kutoa. Kitovu kikifikia tungamo la karibu Jua moja na nusu, hakuna kanieneo inayoweza kukibeba, na kinaporomoka. Kitu chenye upana wa maelfu ya kilomita kinajikunja kikawa cha makumi ya kilomita kwa muda usiofika sekunde moja.

Wengi walidhani mporomoko huo ungesimama mapema. Hoja yao ilikuwa na mantiki: joto linapanda, viini vya chuma vinavunjika vipandevipande, na protoni na nyutroni zilizoachwa huru zinasukuma nje kwa nguvu. Bethe na wenzake wakaonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo. Mvurugiko wa ndani, ambao wanafizikia huuita entropi, unabaki mdogo wakati wote wa kuporomoka. Kwa nini? Kwa sababu kiini kina ngazi nyingi sana za nishati, na kikipashwa moto kinaumeza moto huo ndani ya ngazi zake badala ya kuvunjika. Viini vinabaki vizima, vinabanwa, vinakaribiana, mpaka vinagusana. Hapo ndipo maada inakuwa ngumu ghafla, kitovu kinadunda, na wimbi la mshtuko linaanza safari ya kwenda nje.

Sasa jiulize: nani aliyekuwa ameandika kanuni ya kuhesabu ngazi hizo za nishati ndani ya kiini? Bethe mwenyewe, mwaka 1936, alipokuwa akiziandaa zile kurasa zisizo na tuzo.

Akiba haiozi. Wazee wetu walisema hivyo kuhusu nafaka na fedha, nami sioni mahali inapothibitika zaidi kuliko hapa. Unaposoma termodinamiki usiku wa leo, ukaamua kuelewa entropi kweli badala ya kukariri kwa ajili ya mtihani, hujui ni swali gani la mwaka 2065 unaliwekea akiba. Wala hupaswi kujua. Bethe hakujua.

Na hakuishia pale. Hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba lile wimbi la mshtuko huishiwa nguvu njiani. Jim Wilson, mtaalamu wa hesabu hizo, aliona kwamba likisubiriwa kidogo linafufuka, na mwaka 1985 yeye na Bethe wakaeleza sababu: nyutrino zinazomiminika kutoka kitovuni huipasha moto maada iliyo nyuma ya wimbi na kulisukuma upya. Tarehe 23 Februari 1987, nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa takriban miaka ya nuru 168,000, na vifaa vilivyofukiwa chini ya ardhi Japani na Marekani vikanasa nyutrino zake kwa sekunde chache, kabla nuru yenyewe haijaonekana. Kwa mara ya kwanza wanadamu walipata habari kutoka ndani ya kitovu kinachoporomoka. Bethe alikuwa na miaka 80, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Kwa miaka mingi yeye na Brown walikutana California mwanzoni mwa mwaka kufanya kazi pamoja. Mwaka 1998, Bethe akiwa na miaka 92, walichapa makala kuhusu jozi za nyota za nyutroni na mashimo meusi yanayozungukana mpaka yanaungana, wakasema vifaa vya kunasa mawimbi ya uvutano vitarajie miungano mingi. Alifariki tarehe 6 Machi 2005. Tarehe 17 Agosti 2017 vifaa hivyo vikanasa nyota mbili za nyutroni zikiungana, kwa mara ya kwanza katika historia.

Mwalimu, umesoma umri huo? Miaka 72, 80, 92. Wewe una arobaini.

Najua kuna anayesema mambo haya ni ya kwao, sisi yanatuhusu nini. Basi sikiliza habari ya pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ilirusha satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, satelaiti ya Wamarekani, na mradi ulisimamiwa na mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na satelaiti ikapewa jina hilohilo: Uhuru. Ndani ya miezi michache ilikuta kitu kiitwacho Centaurus X-3 kinachomweka kila baada ya sekunde 4.8. Ilikuwa nyota ya nyutroni ikifyonza gesi kutoka kwa nyota mwenzake. Mwaka 1971 Bethe, pamoja na Gordon Baym na Christopher Pethick, alichapa hesabu za maada ya nyota za nyutroni, jinsi viini vinavyokaa ndani ya bahari ya nyutroni katika gamba la nyota hizo. Karatasi ya Ithaca na satelaiti ya Malindi zilikuwa zikizungumzia kitu kimoja. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya historia ya anga duniani kote. Kilichokosekana siku ile ni jina la mtoto wa pwani katika orodha ya waandishi, na pengo hilo linajazwa na mtu mmoja mmoja anayeamua kukaa kitako.

Huna maabara? Sehemu kubwa ya kazi ya Bethe niliyokueleza ilifanywa kwa karatasi nyeupe, kalamu na ile rula ya kale ya kukokotolea hesabu. Bethe aliweka rundo la karatasi tupu upande mmoja, akazijaza moja baada ya nyingine bila pupa. Huna maktaba? Makala za utafiti wa nyota na viini zimewekwa bure kwenye hifadhi ya arXiv tangu miaka ya tisini, na simu yako inazifungua. Huna pa kusomea? Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha fizikia hadi uzamili na kuendelea. Afrika Kusini, jangwani Karoo, antena 64 za MeerKAT zinasikiliza nyota za nyutroni usiku na mchana, na takwimu zake zinahitaji watu wa kuzisoma. Dada unayeambiwa fizikia si ya wasichana: aliyezigundua nyota hizo kwanza, mwaka 1967, ni Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge.

Sitakudanganya kwamba njia ni rahisi. Ada ni ngumu, umeme unakatika, walimu ni wachache. Ila ugumu huo hauna uwezo wa kukuzuia kuelewa jambo moja kikamilifu. Chagua moja. Andika daftari lako mwenyewe la jambo hilo, kwa lugha unayoielewa, kwa Kiswahili ukipenda, hesabu zote zikiwa zimerudiwa kwa mkono wako, mpaka mwenzako aweze kujifunzia humo bila kukuuliza swali. Usimwonyeshe mtu kwanza. Likikamilika, anza la pili.

Na ukitaka pa kuanzia, anza usiku huu. Kitabu chako cha kidato cha sita kinasema nusu kipenyo cha kiini ni femtomita 1.2 mara kipeuo cha tatu cha idadi ya protoni na nyutroni zilizomo. Umezoea kuitumia kwa chuma au kwa risasi. Chukua sasa tungamo la Jua, kilo 2 mara kumi kwa kipeo cha 30, zidisha kwa 1.4, gawanya kwa tungamo la nyutroni moja. Utapata idadi ya nyutroni ndani ya nyota nzima, namba yenye tarakimu 58. Iweke kwenye kanuni ileile ya kiini. Itakutolea takriban kilomita 14: nyota nzito kuliko Jua, na kipenyo chake chote hakifikii urefu wa kisiwa cha Unguja.

Vipimo vya darubini ya eksirei ya NICER, iliyofungwa kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2017, vinatoa takriban kilomita 12. Kwa hiyo umekosea kwa kilomita mbili hivi. Uvutano umeibana maada ya kitovuni kupita kiwango cha kiini cha kawaida, na jinsi maada hiyo inavyokataa kubanwa, kama bado ni nyutroni au zimeshayeyuka zikawa kwaki, chembe zinazoziunda, ni swali ambalo hakuna aliyemaliza kulijibu. Andika hesabu yako, weka tarehe juu ya ukurasa, na uanze kuzitafuta hizo kilomita mbili.